Msafiri wa Ndege na Jicho la Serikali: Mwongozo Kamili wa Kulinda Jina, Simu na Haki Zako Uendapo Marekani

Abiria aliyesimama kwenye foleni ya ukaguzi, mkanda ameuvua na simu ameiweka kwenye trei, hudhani kwamba hapo ndipo serikali inapoanza kumchunguza. Kwa safari za Marekani, sehemu kubwa ya uchunguzi huo imeshafanyika kabla hajatoka nyumbani. Shirika la ndege hulazimika kupeleka jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na jinsia ya kila abiria kwa TSA, wakala wa serikali unaosimamia usalama wa usafiri, kuanzia saa 72 kabla ya ndege kuruka, na kompyuta ya serikali hurudisha jibu linaloamua kama kadi yake ya kupandia ndege itachapwa bila alama, itachapwa ikiwa na alama ya ukaguzi wa ziada, au haitachapwa kabisa. Kwa sababu hiyo, anayetaka kulinda haki zake hana budi kuanza mapema kama serikali inavyoanza, na silaha yake kubwa ni kumbukumbu zilizoandikwa.

Nimeichagua Marekani kwa sababu mfumo wake ndio uliopingwa zaidi mahakamani, kwa hiyo tunajua mengi kuhusu unavyofanya kazi, na kwa sababu wasomaji wengi wa Kiswahili huupitia: wanaopanda ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, wanaopitia Abu Dhabi, na maelfu wanaoishi huko wakiwa raia, wakaazi wa kudumu, wanafunzi au wakimbizi. Isitoshe, Azimio namba 2396 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la mwaka 2017 linazitaka nchi zote wanachama zijenge uwezo wa kukusanya na kuchambua taarifa za abiria, hivyo yanayofanyika Washington yanaendelea kuigwa kwingineko, Afrika Mashariki ikiwemo. Mwongozo huu unaeleza haki na taratibu kwa jumla, na mwenye kesi mahususi amwone wakili wa uhamiaji.

Hatua ya kwanza: jua nani anakuangalia, na kwa taarifa zipi

Taarifa zako husafiri kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya TSA niliyoitaja, ambayo mfumo wake huitwa Secure Flight. Ulianza kazi mwaka 2009 na hulinganisha majina ya abiria na orodha ya washukiwa wa ugaidi inayotunzwa na kituo maalumu chini ya FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu ya Marekani. Ya pili ni rekodi ya safari yenyewe, ambayo watu wa mashirika ya ndege huiita PNR. Humo mna namba ya simu uliyoitoa, barua pepe, namna ulivyolipa, wakala aliyekuuzia, kiti, mizigo, mtu mliyekata naye tiketi pamoja, hata aina ya chakula ulichoomba, kwa mfano alama ya MOML inayowekwa kwa abiria aliyetaka chakula cha Kiislamu. Sheria ya Marekani ya mwaka 2001 iliyalazimisha mashirika yanayoingia na kutoka nchini humo kuifungua rekodi hiyo kwa CBP, idara ya forodha na ulinzi wa mipaka. Serikali husema ina kichujio kinachoficha taarifa nyeti kama hiyo ya chakula, lakini rekodi yenyewe huhifadhiwa kwa miaka mingi. Katika makubaliano ya mwaka 2012 kati ya Marekani na Umoja wa Ulaya, muda uliokubaliwa ni miaka 5 katika hifadhi ya kawaida na hadi miaka 10 zaidi katika hifadhi yenye vizuizi.

Kuna pia njia ya pembeni ambayo wengi hawakuijua hadi mwaka 2025, ilipofichuka kwamba ARC, kampuni inayomilikiwa na mashirika makubwa ya ndege na ambayo hupokea kumbukumbu za tiketi zinazouzwa na mawakala, ilikuwa ikiziuzia idara za serikali taarifa hizo bila amri ya mahakama. Kampuni hiyo ilitangaza baadaye kwamba ingeufunga mpango huo. Lililo la kushika hapo ni kwamba tiketi iliyonunuliwa moja kwa moja kwa shirika la ndege hupita mikono michache kuliko ile ya wakala. Mwezi Desemba 2025 gazeti la New York Times nalo liliripoti kwamba TSA ilikuwa ikiwapa maofisa wa kukamata wahamiaji majina ya abiria, hata wa safari za ndani, ili walinganishe na orodha za watu wanaotakiwa kuondolewa nchini. Anayeishi Marekani akiwa na amri ya kuondolewa iliyosahaulika, au kesi ambayo hana uhakika iliishaje, anapaswa kuliangalia faili lake na wakili kabla hajakata tiketi ya ndege, hata iwe ya kwenda kuhudhuria msiba katika jimbo la jirani.

Orodha yenyewe ilikua kwa kasi ya kutisha. Siku ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, orodha ya watu waliokatazwa kupanda ndege ilikuwa na majina 16. Kufikia mwaka 2017, nyaraka za mahakama zilionyesha kwamba hifadhi kuu ya washukiwa ilikuwa na watu wapatao milioni 1.2, wengi mno wakiwa si raia wa Marekani. Seneta Edward Kennedy alizuiwa mara kadhaa mwaka 2004 kwa sababu jina lake lilifanana na jina la bandia lililokuwa orodhani, na ofisi ya seneta nzima ilihitaji wiki kadhaa kulisafisha. Nelson Mandela na wenzake wa ANC walihitaji kibali maalumu kuingia Marekani hadi Julai 2008, sheria ilipopitishwa kuwaondolea alama ya ugaidi, wakati Mandela alikuwa ameshakuwa rais, ameshastaafu na anakaribia kutimiza miaka 90.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Rahinah Ibrahim, Mmalaysia aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mwezi Januari 2005 alikamatwa na kufungwa pingu katika uwanja wa ndege wa San Francisco mbele ya binti yake, na baadaye viza yake ikafutwa. Alipigana mahakamani kwa takriban miaka minane. Mwaka 2014 Jaji William Alsup aliamua kwamba chanzo cha yote ni ofisa mmoja wa FBI aliyejaza fomu kinyume: fomu ilimtaka atie alama kwenye orodha ambazo mtu huyo *asiwekwe*, naye akatia kwenye zile alizodhani *awekwe*. Serikali ilitumia miaka hiyo yote kuficha kosa hilo kwa hoja ya siri za taifa. Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba mtu aliyemo orodhani huenda hana kosa lolote, na kwamba mfumo haujisahihishi pasipo mtu kuusukuma.

Hatua ya pili: jina na tarehe ya kuzaliwa

Hapa ndipo wasafiri wetu wanapoumia zaidi, na ndipo wanapoweza kujisaidia zaidi. Kompyuta hulinganisha herufi na tarehe, haijui ukoo wala desturi. Majina yetu huenda kwa mpangilio wa jina la mtu, la baba na la babu, na mengi yametoka katika Kiarabu kwa tahajia zaidi ya moja: Abdalla na Abdallah, Saidi na Said, Huseni na Hussein, Mohamed na Muhammad. Mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia moja kwenye cheti cha kuzaliwa, nyingine kwenye pasipoti na ya tatu kwenye cheti cha shule. Kila tofauti humfungulia mlango wa kufananishwa na mtu mwingine.

Chukua pasipoti, ifungue kwenye ukurasa wa picha, na usome mistari miwili ya chini yenye alama za mishale. Huo ndio usomaji wa mashine, na jina lako kwa macho ya serikali ni hilo. Kata tiketi kwa jina hilo herufi kwa herufi, majina yote, ukiweka katika nafasi ya jina la ukoo kile ambacho pasipoti imekiweka hapo, hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo. Tuseme msafiri ni Salum Abdalla Khamis: tiketi yake itasomeka KHAMIS/SALUMABDALLA MR, maneno yameshikana na cheo kimebandikwa mwishoni. Kushikana huko ni kawaida ya mifumo ya tiketi wala si kosa. Kosa ni wakala kuliacha jina la katikati ili kuokoa muda, au kuligeuza Khamis kuwa Hamisi kwa sababu ndivyo anavyolitamka. Kila unapokatiwa tiketi na wakala, omba kuiona kabla hujalipa.

Jambo la pili ni tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi walioandikishwa katika kambi kama Nyarugusu, Kakuma na Dadaab walipewa tarehe 1 Januari kwa sababu tarehe halisi haikujulikana. Mtu anayeitwa jina lililoenea, na aliyezaliwa kwa maandishi tarehe 1 Januari, anachangia vitambulisho hivyo viwili na watu wengi sana, na Secure Flight hutegemea zaidi hivyo hivyo viwili. Asishangae basi akisimamishwa mara kwa mara. Dawa yake iko katika hatua ya sita hapa chini, naye aikimbilie mapema asingoje kukosa ndege. Kama tarehe halisi ipo na ina ushahidi, airekebishe kwenye hati zote kwa pamoja, kwa sababu kurekebisha moja na kuziacha nyingine huzaa mtu wa pili kwenye kompyuta.

Hatua ya tatu: simu na kompyuta, kabla ya kuondoka

Mpakani, CBP hudai mamlaka ya kupekua vifaa vya kielektroniki bila hati ya mahakama. Katika mwaka wa fedha wa 2024 walipekua vifaa zaidi ya mara 47,000. Ukilinganisha na wasafiri zaidi ya milioni 400 waliopita, idadi hiyo ni ndogo, lakini anayefikwa huona maisha yake yote yakifunguliwa mezani. Kanuni za ndani za CBP za Januari 2018 zinagawa upekuzi katika aina mbili: wa kawaida, ambapo ofisa anapitia simu kwa mkono, na wa kina, ambapo simu huunganishwa na mashine inayonakili yaliyomo. Huo wa pili unahitaji shuku yenye msingi au sababu ya usalama wa taifa pamoja na idhini ya mkubwa wake. Kanuni hizo hizo zinamkataza ofisa kuangalia yaliyohifadhiwa nje ya kifaa, kwa hiyo simu inatakiwa ikatwe mtandao kabla ya kupekuliwa, nawe unaweza kuiweka katika hali ya ndegeni mwenyewe kabla hujaikabidhi.

Kutokana na hayo, njia bora ya kulinda taarifa ni kutosafiri nazo. Hifadhi nakala ya kila kitu nyumbani, kisha beba tu unachohitaji safarini. Ondoka kwenye akaunti ambazo hutazitumia njiani. Zima ufunguzi wa simu kwa uso au kidole na uweke nywila ndefu yenye herufi na tarakimu. Izime simu kabisa kabla ndege haijatua, kwa sababu simu iliyozimwa ni ngumu zaidi kufunguliwa na mashine kuliko iliyofungwa kioo tu.

Liko moja ambalo miongozo ya Kiingereza huligusa kwa nadra, nalo kwetu ni kubwa: makundi ya WhatsApp. Simu nyingi hupakua zenyewe kila picha na video inayotumwa kwenye kundi la ukoo, la msikiti, la kanisa au la chama, na kuitia kwenye albamu ya picha kana kwamba mwenye simu ndiye aliyeipiga. Mtu mmoja asiyefikiri akituma video ya vita, maiti au hotuba ya kundi lenye silaha, video hiyo inakaa simuni mwako hata kama hukuifungua. Ingia kwenye mipangilio, zima upakuaji wa moja kwa moja na uhifadhi wa picha kwenye albamu, kisha safisha yaliyokwishaingia. Hofu hii ina msingi. Mwaka 2019 mwanafunzi wa Kipalestina aliyekuwa akienda kuanza masomo Harvard alikataliwa kuingia Boston, na alieleza kwamba ofisa alimhoji kuhusu maandishi ya kisiasa ya rafiki zake mtandaoni, wala si yake. Aliruhusiwa kuingia siku chache baadaye, kelele zilipopigwa.

Usafi huo ufanywe nyumbani, wiki kadhaa kabla. Ukiwa umeshasimama mbele ya ofisa usifute chochote, kwani kufuta wakati huo kunaweza kuhesabiwa kuharibu ushahidi. Wala usidanganye, maana kumdanganya ofisa wa serikali kuu ni kosa la jinai hata kama jambo ulilolificha halikuwa kosa. Kunyamaza na kudanganya ni vitu viwili tofauti mbele ya sheria. Kumbuka vilevile kwamba waombaji wa viza, tangu Mei 2019, hutakiwa kuorodhesha majina ya akaunti zao za mitandao ya kijamii za miaka 5 iliyopita, kwa hiyo majibu yako mpakani yatalinganishwa na ulichokiandika. Weka nakala ya fomu uliyojaza na uisome tena kabla ya safari.

Hatua ya nne: siku ya safari

Jaribu kupata kadi ya kupandia mtandaoni siku moja kabla. Mfumo ukikataa na kukuelekeza dirishani, huenda jina lako limeshikwa mahali, basi nenda mapema zaidi ya kawaida. Kadi ikitoka, itazame pembeni: herufi SSSS zina maana kwamba umechaguliwa kukaguliwa zaidi, mwili, mizigo na vifaa. Alama hiyo wakati mwingine huja kwa bahati nasibu, na mara moja tu si ya kukunyima usingizi. Ikitokea safari baada ya safari, itunze kila kadi, maana ni ushahidi wa malalamiko yako.

Kuhusu kamera za uso, kuna tofauti ambayo wengi huichanganya. Kwenye kituo cha ukaguzi cha TSA ndani ya Marekani, kupigwa picha ni hiari kwa mujibu wa sera ya TSA yenyewe, hata kwa asiye raia. Mwambie ofisa kabla hujasimama mbele ya kamera kwamba hutaki picha na unaomba kitambulisho kikaguliwe kwa macho. Kwenye mpaka wa CBP, raia wa Marekani anaweza kukataa vilevile, na picha yake hutakiwa kufutwa ndani ya saa 12. Asiye raia hana hiari hiyo: kanuni iliyoanza kutumika Desemba 26, 2025 inawataka wote wasio raia wapigwe picha wakiingia na wakitoka, watoto na wazee wakiwemo, na picha zao zinaweza kuhifadhiwa hadi miaka 75. Mtoto wa miaka mitano anayekwenda kumsalimia bibi yake ataacha sura yake katika hifadhi hiyo hadi awe mzee wa miaka 80. Kwa maoni yangu hilo ni dhuluma kwa mtoto ambaye hakuombwa ridhaa na hana kosa.

Ukaguzi mwingine haukuonyeshwa kabisa. Mwaka 2018 gazeti la Boston Globe lilifichua mpango wa Quiet Skies, ambamo walinzi wenye silaha walipanda ndege pamoja na abiria wasioshukiwa kosa lolote na kuandika kama wanalala, wanatokwa jasho au wanakwenda chooni mara nyingi. Serikali ilitangaza kuufunga Juni 2025, ikikiri kwamba uligharimu dola milioni 200 kwa mwaka bila kuzuia shambulizi hata moja.

Hatua ya tano: mbele ya ofisa wa mpakani

Haki zako hapa hutegemea hati yako, nami nitaeleza kila kundi.

Raia wa Marekani hawezi kunyimwa kuingia. Akishathibitisha uraia na utambulisho wake na kujibu ya forodha kuhusu mizigo, anaweza kukataa maswali ya dini, siasa na marafiki, na anaweza kukataa kutoa nywila. Atacheleweshwa, na kifaa kinaweza kuzuiwa, lakini ataingia nyumbani.

Mwenye ukaazi wa kudumu, yaani grini kadi, ana haki ya kusikilizwa na jaji wa uhamiaji kabla ya kunyang'anywa hadhi yake. Ofisa anaweza kumletea fomu I-407, ambayo ni ya kuuachia ukaazi kwa hiari. *Usiisaini* kwa kuchoka, kwa kutishwa, wala kwa kuahidiwa kwamba utaruhusiwa kupanda ndege ya kurudi upesi. Sema unataka kumwona jaji. Wazee waliokaa Afrika Mashariki muda mrefu kwa matibabu au mirathi ndio hukutana zaidi na fomu hii.

Mwenye viza yuko katika hali dhaifu zaidi, kwani akikataa kujibu au kufungua simu anaweza kurudishwa. Uamuzi ni wake, na aupime kabla ya safari. Akiambiwa haingii, aombe kuliondoa ombi lake la kuingia kwa hiari, kwani amri ya kuondolewa kwa haraka humfungia mlango kwa miaka 5. Ofisa halazimiki kukubali, lakini asiyeomba hapewi. Anayeogopa kurudi kwao kwa sababu ya usalama wake alitamke hilo waziwazi na alirudie hadi liandikwe. Wanaopitia Abu Dhabi wajue kwamba tangu mwaka 2014 maofisa wa Marekani huwakagua papo hapo, kwa hiyo mazungumzo haya yote hufanyika kabla ya kupanda ndege, ndugu na mawakili wakiwa mbali.

Kwa wote, omba mkalimani wa Kiswahili ikiwa Kiingereza chako hakitoshi kwa maswali ya kisheria. Kujibu ndiyo kwa swali usilolielewa kumewagharimu watu viza zao. Soma maelezo yoyote yaliyoandikwa kwa jina lako kabla ya kuyasaini. Simu ikizuiwa, dai risiti ya fomu 6051D. Kanuni zinasema kifaa kisikae kwa kawaida zaidi ya siku 5, lakini huongezwa.

Ukishatoka tu, kaa chini uandike: tarehe, saa, namba ya ndege, mlango, jina au namba ya beji ya kila ofisa, maswali uliyoulizwa kwa mpangilio wake, vitu vilivyochukuliwa, na majina ya walioshuhudia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki vilevile. Kumbukumbu iliyoandikwa siku hiyo hiyo ina uzito kwa wakili na kwa jaji ambao kumbukumbu ya baada ya miezi sita haina.

Hatua ya sita: malalamiko ya DHS TRIP

Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani, yaani DHS, ilianzisha utaratibu huu wa malalamiko ya wasafiri mwaka 2007. Ni bure, hauhitaji wakili, na uko wazi kwa mtu wa nchi yoyote kupitia trip.dhs.gov. Utajaza fomu, utaambatanisha nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti, utaeleza yaliyokupata, kisha utapewa namba ya tarakimu saba inayoitwa Redress.

Maelezo yawe mafupi, ya mambo yaliyotokea, bila hasira. Kwa mfano: «Katika safari zangu za tarehe kadhaa kutoka Nairobi kwenda New York, kila mara nimeshindwa kupata kadi ya kupandia mtandaoni na kadi iliyotolewa dirishani ilikuwa na alama ya SSSS. Jina langu limeenea katika Afrika Mashariki, na tarehe yangu ya kuzaliwa iliandikwa 1 Januari katika kambi ya wakimbizi. Naamini nafananishwa na mtu mwingine. Nimeambatanisha nakala za kadi.» Yaandike kwa Kiingereza au yatafsiriwe na mtu anayeaminika, na utaje tahajia nyingine zote za jina lako zilizo kwenye hati.

Jibu huchukua muda, na barua itakayokuja haitakuambia kama uliwahi kuwa orodhani. Inaudhi, lakini barua isikuvunje moyo, kwa sababu faida iko kwenye namba. Kila ukikata tiketi, iandike mahali palipotengewa namba ya Redress, usiichanganye na ile ya wasafiri waliosajiliwa mapema, ili kompyuta ikutofautishe na mwenye jina kama lako. Hakikisha na wakala naye ameiandika. Raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani waliozuiwa kabisa kupanda ndege wana haki zaidi: tangu mwaka 2015 wanaweza kuthibitishiwa kama wamo orodhani na, pale inapowezekana, kupewa muhtasari wa sababu. Haki hiyo haikutolewa kwa hisani. Ilitokana na kesi ya watu 13, ambapo Jaji Anna Brown wa Portland aliamua Juni 2014 kwamba utaratibu wa zamani ulivunja katiba.

Hatua ya saba: omba faili lako

Sheria ya Marekani ya uhuru wa kupata taarifa, FOIA, inampa *mtu yeyote*, awe raia au la, haki ya kuomba nyaraka za serikali. Peleka ombi CBP kwa njia ya mtandao ukitaja mambo haya kwa majina: rekodi zako za PNR, kumbukumbu za kuingia na kutoka, na taarifa za kila mara ulipotolewa kwenye foleni na kupelekwa kwenye mahojiano ya pili, pamoja na tarehe. Toa majina yote na namba za pasipoti zote, mpya na za zamani. Sheria inataka jibu ndani ya siku 20 za kazi. Mara nyingi huchelewa, na sehemu zitafutwa kwa wino mweusi, lakini kinachobaki kina thamani. Mwaka 2007 watetezi wa faragha waliopata mafaili yao waligundua kwamba ofisa alikuwa ameandika hata kitabu ambacho msafiri mmoja alikuwa amebeba. Ukikuta kosa, kama tarehe ya kuzaliwa isiyo yako, liambatanishe kwenye malalamiko ya hatua ya sita.

Hatua ya nane: mahakama

Wachache hufika hapa, lakini waliofika wametufungulia njia wote. Yonas Fikre, raia wa Marekani mzaliwa wa Eritrea, alisema kwamba akiwa Sudan maofisa wa FBI walimwambia yumo orodhani na wangeweza kumsaidia kutoka ikiwa angekubali kuwapelekea habari za msikiti wake wa Portland. Alikataa, na akabaki ughaibuni kwa miaka. Mwaka 2016 serikali ilimwondoa orodhani na kudai kesi imekwisha. Machi 19, 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba haitoshi kumwondoa mtu orodhani bila kuonyesha kwamba hatarudishwa kwa sababu zile zile. Kabla yake, Desemba 2020, mahakama hiyo ilikubali katika kesi ya Tanzin dhidi ya Tanvir kwamba Waislamu waliodai kuwekwa orodhani kwa kukataa kuwa wapelelezi wanaweza kudai fidia kwa maofisa binafsi. Ukiambiwa maneno ya namna hiyo, usikubali wala usibishane. Sema utazungumza wakili akiwepo, kisha tafuta wakili.

Ukizuiwa nyumbani

Mashirika ya ndege hutumika vilevile na serikali zetu. Januari 2020 Lufthansa ilikataa kumpandisha Miguna Miguna, wakili na mpinzani wa serikali ya Kenya, kwenda Nairobi kwa sababu ya tahadhari iliyotolewa na serikali ya Kenya, ingawa Mahakama Kuu ya Kenya ilikuwa imeamuru aruhusiwe kurudi. Hakukanyaga Nairobi hadi Oktoba 2022, serikali mpya ilipoiondoa tahadhari hiyo. Anayezuiwa hivyo alitake shirika limpe maandishi yanayotaja nani ametoa zuio, maana bila karatasi hiyo wakili hana pa kuanzia.

Nchini Kenya, Ibara ya 47 ya Katiba inampa aliyeathiriwa na uamuzi wa serikali haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamruhusu kuomba taarifa zake kwa shirika la ndege na kulalamika kwa Kamishna wa Data, ambaye hutakiwa kumaliza uchunguzi ndani ya siku 90. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake hupokea malalamiko. Sheria zote mbili zina mwanya wa usalama wa taifa, na serikali huukimbilia upesi. Kwa hiyo elekeza ombi la kwanza kwa shirika la ndege, ambalo haliwezi kujificha kirahisi nyuma ya mwanya huo: taja namba ya tiketi, tarehe na namba ya ndege, omba rekodi nzima ya PNR pamoja na maelezo ya wafanyakazi yaliyoandikwa humo, uliza taarifa hizo zilipelekwa kwa serikali ipi na lini, na utume kwa barua pepe ili tarehe ya kupokelewa ibaki kwenye maandishi.